Barua ya Wazi: Jua Liko Nje, Watoto Wako Ndani

Kaptembwa,
Nakuru.

Kwa Waheshimiwa wenye dhamana ya afya ya mama na mtoto, wa kaunti na wa taifa.

Waheshimiwa,

MINT: VITAMINI D KWA AKINA MAMA WALIOJIFUNGUA NA WATOTO WAO WACHANGA

Pokeeni salamu zangu za heshima. Mimi ni mlezi wa watoto hapa Kaptembwa. Kwa asiyeijua kazi hii, mama hubisha mlango wangu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, hunikabidhi mtoto, mfuko wa nepi na maziwa aliyojikamua usiku, hulipa shilingi 80, kisha hukimbilia matatu. Hurudi giza limeingia. Watoto huwa tisa, na mwisho wa mwezi hufika kumi na mmoja. Wazazi wao huniita Shosho, hata wale ambao kwao nyanya ana jina jingine. Kabla ya hapo nilifundisha chekechea miaka tisa, kwa hiyo kalamu si ngeni mkononi mwangu, ila kuwaandikia wakubwa mbele ya umma sijawahi.

Sikuanzia hapa. Kwanza nilizungumza na sista kliniki kuhusu vitamini hii, ambayo mwili huitengeneza kwa jua, akacheka bila ubaya, akaniambia, "Shosho, sisi tuko Ikweta, jua ni la bure." Nikaandika barua kwa ofisi inayohusika. Niliporudi baada ya mwezi nikaambiwa iko mezani. Nikaandika ya pili na kudai nakala yangu ipigwe muhuri. Muhuri ninao. Miezi mitano imepita na sijajibiwa hata kwa arafa. Kituo sikitaji, ofisi siitaji wala mtu simtaji, maana watoto ninaowalea watapelekwa kwa mikono ile ile Jumatatu ijayo.

Lililonifikisha hapa ni mjukuu wangu. Binti yangu alijifungua mimba ikiwa ya wiki 32, mtoto ana kilo 1.6. Walikaa wodini siku 26, mtoto amefungwa kifuani mwa mamake ngozi kwa ngozi, na kwa malezi yale ya wodini nitawashukuru wauguzi hadi kufa. Siku ya kuruhusiwa tulipewa matone ya madini ya chuma, tarehe ya kurudi, na nasaha ndefu kuhusu baridi: mfunikeni, mvalisheni kofia, asipigwe na upepo. Ilikuwa Julai. Mnaijua Julai ya Nakuru. Tukatii kwa bidii zote. Mtoto yule alikuwa na blanketi mbili, sweta, soksi na shali, na dirisha tuliliziba kwa gunia.

Alipofika miezi minne nikaanza kuona mambo. Kichwa kilikuwa kikilowa jasho akinyonya. Ukimwinua kwa makwapa analia kama aliyeumizwa. Siku moja ninamwosha, kidole changu kikagusa fuvu nyuma ya sikio, mfupa ukabonyea na kurudi, kama mfuniko wa kopo la plastiki. Mikono nayo, pale kwenye vifundo, ilikuwa imenenepa kwa mzunguko, utadhani amevaa bangili chini ya ngozi. Niliuliza kliniki nikaambiwa anaongezeka kilo vizuri. Na kweli alikuwa anaongezeka.

Jumapili moja akakakamaa. Macho juu, ngumi zimekunjwa, midomo inacheza. Degedege, lakini mwili wake baridi kama wangu. Jirani mmoja alisema ni jicho la watu, mwingine akataka tumpeleke kuombewa. Hospitali walipima malaria, hamna. Daktari mmoja kijana ndiye aliyemshika kifundo cha mkono, akakigeuzageuza, akanyamaza, kisha akaagiza kalsiamu ipimwe. Ilikuwa chini mno. Wakamtia dawa ya kalsiamu mshipani polepole, wakiusikiliza moyo wake. Kesho yake akanionyesha eksirei ya mkono. Ncha ya mfupa ambayo ingekuwa na ukingo safi ilikuwa imetanuka na kuchanikachanika, kama ufagio uliokwisha. "Hii ni matege, Shosho," akasema. "Bado hajaanza kutembea, ndiyo maana miguu haijapinda." Wakampima mamake pia. Vitamini D yake ilikuwa nanomoli 24 kwa lita. Chini ya 30 ni upungufu, na wataalamu huita 50 ndiyo ya kutosha.

Alitibiwa kwa matone: uniti 2,000 kwa siku kwa miezi mitatu, pamoja na kalsiamu. Leo ana miezi kumi na minne na anatembea akishika benchi. Sikuandika ili nihurumiwe. Nimeandika kwa sababu kati ya watoto ninaopokea asubuhi, nimeanza kushika vifundo vya mikono kabla sijashika mfuko wa nepi.

Niruhusuni nieleze nilivyofafanuliwa na daktari yule, nanyi mtanisahihisha. Vitamini D ndiyo inayowezesha matumbo kufyonza kalsiamu ya chakula. Isipokuwapo, kalsiamu hupita tu, na mfupa wa mtoto hukua bila kukomaa, laini kama gegedu. Nyingi hutengenezwa na ngozi inapopigwa na jua, na chakula huleta kidogo. Mtoto huzaliwa na akiba aliyopewa na mamake tumboni. Mama akiwa na kidogo, mtoto huzaliwa na kidogo zaidi, na akiba hiyo huisha katika wiki chache. Maziwa ya mama, ambayo kwa mengine yote hayana mfano, hayana vitamini D ya kutosha: lita nzima mara nyingi haifikishi uniti 80, ilhali mtoto anahitaji 400 kwa siku. Mungu alikusudia jua limalizie hesabu. Tatizo ni kwamba mtoto wa Kaptembwa halioni.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Hakuna anayeuliza mtoto anashinda wapi.

Mtoto huletwa kwenu wiki ya 6, ya 10, ya 14, mwezi wa 6, mwezi wa 9. Anapimwa kilo, anadungwa sindano, kitabu cha kliniki kinaandikwa. Mara zote hizo sijasikia mama akiulizwa: mtoto wako hutoka nje saa ngapi, kwa muda gani, amevaa nini?

Mngeuliza mngesikia haya. Ploti zetu siku hizi ni za gorofa. Chumba ni futi kumi kwa kumi, mlango unaangalia mlango wa jirani, na koridoo lina giza hata mchana. Taa huwaka kutwa. Paa la juu limefungwa kwa kufuli kwa sababu ya matangi ya maji. Mama mwenye kazi ya kuajiriwa hupata likizo ya miezi mitatu kwa Sheria ya Ajira ya 2007, lakini wengi wa wateja wangu ni vibarua, na kibarua hurudi kazini kitovu cha mtoto kikiwa hakijasahaulika. Yeye hutoka gizani na kurudi gizani. Mtoto huhama kutoka chumba kimoja kisicho na jua hadi kingine kisicho na jua, ambacho ni changu.

Ndiyo, changu. Katika hili na mimi nimo. Mwaka mzima sikuwatoa watoto wale nje. Niliogopa pikipiki, niliogopa nimonia, niliogopa mwenye ploti ambaye hataki mikeka kwenye ngazi. Nilikuwa nawalaza karibu na dirisha la kioo nikidhani nimewaotesha jua. Baadaye nikaambiwa kioo huzuia ile miale inayotengeneza vitamini D. Kinachopita ni joto na mwanga. Mwaka mzima wa kuwalaza dirishani bure! Mtu aliyesomea angenieleza kwa dakika moja.

2. Ushauri wa jua tunaopewa haulingani na jua lenyewe.

Mama anayebahatika kuambiwa lolote huambiwa amtoe mtoto "jua la asubuhi", saa moja hadi saa mbili, kwa sababu ni la upole. La upole ni kweli, lakini kwa shughuli hii ni maskini. Jua likiwa chini, miale tunayoitaka huishia angani. Kanuni nyepesi niliyofundishwa ni ya kivuli: kikiwa kirefu kuliko mwili wako, ngozi yako inatengeneza kidogo sana. Nilisimamisha mwiko wa ugali kwenye kiwanja nikapima kivuli chake. Saa mbili asubuhi kivuli cha mwiko kilikuwa kirefu kupita mwiko mara mbili na zaidi. Kililingana nao karibu saa tatu na nusu. Kuanzia hapo hadi kama saa tisa na nusu alasiri ndipo jua letu lina kazi, na ndizo saa ambazo kila nyanya, mimi nikiwa wa kwanza, hukimbiza mtoto ndani.

Sasa basi, ni dakika ngapi? Hapo ndipo tunapowahitaji. Dakika zinazozungushwa, nusu saa kwa wiki mtoto akiwa na nepi tu, au saa mbili kwa wiki akiwa amevaa nguo bila kofia, zilitoka kwa utafiti wa 1985 wa watoto weupe huko Cincinnati, Marekani. Ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi, kwa sababu rangi yenyewe ni mwavuli. Na jua la saa sita la Nakuru, kwa mtoto wa mwezi mmoja, nani atamwambia mama amweke humo bila kumweleza mpaka wake? Mkiacha pengo hilo litajazwa na wambeya wa koridoo. Jirani wa mtaa alimlaza mtoto juani uchi hadi ngozi ikachubuka.

Kuna na akina mama wa Bondeni wanaovaa buibui na kutimiza arobaini ndani. Simwambii mtu abadili dini yake wala vazi lake. Nasema tu kwamba mama huyo na mtoto wake wanajulikana mapema, wana anwani, na matone yangewafaa kuliko mahubiri ya jua.

3. Watoto njiti wanarudishwa nyumbani bila matone.

Hapa sitaki mjadala mrefu maana haupo. Wiki za mwisho za mimba ndizo mtoto hujaziwa kalsiamu na fosforasi ya mifupa. Aliyezaliwa wiki ya 32 amezikosa. Mwaka wa 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza watoto waliozaliwa kabla ya wakati na wanaolishwa maziwa ya binadamu wapewe vitamini D kwa mdomo, ikiwa hawaipati kwingine. Mjukuu wangu alikuwa hivyo hasa, neno kwa neno. Alipewa chuma hakupewa hili. Nilipouliza baadaye, niliambiwa matone hayo "hayakuwa stoo". Tangu lini, na yaliagizwa lini mara ya mwisho, hakuna aliyejua.

4. Mama husahauliwa mara kitovu kikikatwa.

Akiwa mjamzito hupewa vidonge vya chuma na foliki kila akija, na tunashukuru. Akishajifungua, macho yote kwa mtoto. Binti yangu alilalamika mgongo na nyonga tangu mwezi wa saba, akaambiwa ni uzito wa mimba. Pengine ulikuwa. Lakini kama kiwango chake kingejulikana, tungejua na cha mtoto.

5. Hatuhesabu, kwa hiyo hatuna tatizo.

Mtaani mtoto mwenye matege huambiwa alisimamishwa mapema, au pampasi zilimtanua miguu, au amefuata upande wa babake. Hakuna anayempeleka hospitali. Mwenye degedege huandikwa malaria au kifafa. Mwenye nimonia ya kurudiarudia huandikwa nimonia, na pengine mbavu zake laini hazijaguswa na mtu. Nikiwauliza kaunti yetu ilikuwa na watoto wangapi wenye matege mwaka jana, mtaniambia ni wachache. Nitauliza tena: wachache waliopo, au wachache walioandikwa?

Najua majibu mliyonayo, kwa hiyo niyapunguzie safari.

Mtasema jua tunalo. Tunalo. Ikweta inapita Maseno, hapo njia ya kwenda Busia, na watalii hupiga picha kwenye kibao chake. Lakini mwaka wa 2020 jarida la Lancet Global Health lilichapisha mapitio ya tafiti za bara zima la Afrika, na wanasayansi wa Kenya wakiwemo. Walikuta karibu mtu 1 kati ya 3 yuko chini ya nanomoli 50, na karibu 1 kati ya 5 chini ya 30. Walikuta pia kwamba wa mjini wana kidogo kuliko wa mashambani, wanawake kuliko wanaume, na watoto waliozaliwa punde kuliko mama zao. Mimi nilisoma mstari huo mara tatu. Mjini, mwanamke, mtoto mchanga: walikuwa wanaorodhesha wateja wangu.

Mtasema Shirika la Afya Duniani halipendekezi vitamini D kwa kila mjamzito. Ni kweli, lilisema hivyo mwaka wa 2016 na likarudia 2020, likiacha nafasi kwa mama anayeshukiwa kuwa na upungufu. Wala halijasema kila mtoto aliyezaliwa kwa wakati apewe matone. Sitalificha hilo ili hoja yangu ipendeze. Lakini mwaka huo huo wa 2016 wataalamu wa matege kutoka nchi mbalimbali walikubaliana kwamba kila mtoto apewe uniti 400 kwa siku hadi atimize mwaka, anyonye anavyonyonya. Uingereza hushauri matone kwa watoto wanaonyonya tangu kuzaliwa, na Marekani madaktari wa watoto wamesisitiza uniti 400 tangu 2008. Wataalamu wanatofautiana, basi nanyi kaeni na wataalamu wetu mtoe uamuzi wa Kenya, mseme ni ndiyo kwa nani na ni hapana kwa nani, na kwa nini. Kunyamaza si mwongozo wa kitabibu.

Mtasema kipimo cha damu ni ghali. Ni ghali, tulikilipia. Ndiyo maana siombi kila mama apimwe. Kumpa mtoto aliye hatarini matone ni rahisi kuliko kumpima, na mkono wa muuguzi ukishika kifundo cha mtoto haugharimu chochote.

Mtasema wale omena, mayai na maini. Omena anayeliwa mzima na mifupa yake ni hazina ya kalsiamu, nami nampika kila Alhamisi. Ila mtoto wa miezi mitatu hali omena, Waheshimiwa.

Mtasema hakuna pesa wala njia ya kuyafikisha matone. Njia mnayo, na mlangoni kwangu imepita. Wiki za Malezi Bora, Mei na Novemba, wahudumu huja na vitamini A: kapsuli ya bluu kwa wa miezi 6 hadi 11, nyekundu kwa waliotimiza mwaka. Wanazikata ncha kwa mkasi mdogo, wanakamulia mtoto mdomoni, wanaandika, wanaondoka. Dakika kumi na watoto wote wamemaliza. Wahudumu wa afya ya jamii, wale 100,000 hivi waliozinduliwa nchini Septemba 2023 na mikoba yao ya vifaa, wanaijua kila ploti hapa, na hata choo kipi kimejaa.

Kuna sababu nyingine ya ninyi kulishika jambo hili badala ya kutuachia duka la dawa. Nilipokwenda kununua matone, muuzaji aliniwekea chupa mbili mezani. Ya kwanza ilikuwa na uniti 400 katika tone moja. Ya pili ilikuwa na uniti 400 katika mililita nzima, na kijibomba cha kunyonyea. Sura ya chupa karibu moja. Mama akichukua ya kwanza akaitoa kwa kijibomba cha pili, atakuwa anampa mtoto dozi ya wiki kadhaa kwa mkupuo mmoja, kila siku. Vitamini D ikizidi hupandisha kalsiamu hadi figo ziumie. Bei nayo ilizidi pato langu la siku nzima. Basi maskini atakosa, na mwenye nacho atakosea.

Na la mwisho kabla ya ombi, nalisema kwa herufi nzito kama ningeweza: mtu asije akaichukua barua hii akamwambia mama aache kunyonyesha. Kuna wafanyabiashara wa maziwa ya kopo wanaosubiri maneno kama haya, na bunge letu lilitunga sheria ya kuwadhibiti mwaka wa 2012 kwa sababu nzuri. Maziwa ya mama abaki nayo mtoto. Kilichopungua ni tone moja juu yake.

Kwa hiyo naomba yafuatayo.

Kwanza, kila mtoto njiti anayeruhusiwa kutoka wodini atoke na matone ya vitamini D mkononi kama anavyotoka na ya chuma, na stoo zikiisha iandikwe ukutani tujue. Hili halihitaji kamati.

Pili, maswali mawili yaongezwe kwenye ziara ya wiki ya 6: mtoto hushinda wapi, na hutoka nje saa ngapi. Sista akijibiwa "ndani, na hatoki", awe na chupa ya kumpa, ya aina moja, ya kipimo kimoja, na amwonyeshe mama kwa mkono wake jinsi ya kudondosha. Mama apate pia sehemu yake kama muuguzi ataona yuko hatarini.

Tatu, wauguzi na wahudumu wa jamii wafundishwe kugusa vifundo, mbavu, fuvu na utosi, na degedege lisilo na homa lisipite bila kalsiamu kupimwa.

Nne, ushauri wa jua uandikwe upya kwa ngozi yetu, saa zetu na ploti zetu, kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani, na ubandikwe kliniki. Mkikosa wa kuuhariri nitauhariri bure.

Tano, matege yaandikwe kama ugonjwa unaojitegemea katika takwimu za kaunti na idadi itangazwe kila mwaka. Katiba, kifungu cha 43, inanipa haki ya kiwango cha juu cha afya. Cha 53 kinampa mtoto lishe ya msingi na matibabu. Cha 35 kinanipa haki ya kupata habari mlizo nazo. Ninaombea vyote vitatu pamoja.

Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 30 tangu barua hii itoke. Likija nitalisoma kwa sauti mbele ya akina mama, liwe zuri au liwe chungu. Lisipokuja nitaanza kukusanya sahihi za ombi rasmi kwa bunge la kaunti, kwa kifungu cha 37, na wazazi tisa wameshaniambia kalamu zao ziko tayari.

Mkipenda kuja kujionea, msije asubuhi na mapema. Kanisa la jirani limeniruhusu kiwanja chake, na siku isiyo na mvua huwatoa watoto saa nne kasorobo, kwa zamu, watatu watatu, kofia pembeni na mikono wazi. Mtatuona kwenye mkeka wa bluu, mwiko wangu umesimamishwa ardhini kando yake.

Wenu mwaminifu,

Shosho,
Mlezi wa watoto, Kaptembwa.